Nani Anakukimbiza?

Mkenya akitua ugenini, wenyeji humtazama miguu kwanza. Wanamjua Kipchoge, wanamjua Kipyegon, basi wakapiga hesabu kwamba taifa zima huamka alfajiri na kukimbia kilomita ishirini kabla ya chai. Hawajui kwamba kutoka Iten ya wanariadha hadi Kawangware kwetu, Nairobi, ni zaidi ya kilomita mia tatu, na kwamba mbio zetu sisi wa huku ni za kufukuzia matatu ya 46.

Daktari aliposema presha imepanda na nianze mazoezi, nilianza na suala la viatu. Raba mpya ya dukani ni kodi ya nyumba nzima, kwa hivyo nikaenda Toi Market, pale ubavuni mwa Kibera. Muuzaji alinipima kwa macho, akachomoa jozi ya rangi ya chungwa.

"Mzee, hii ni kamera. Beli imefunguliwa leo asubuhi."

Kamera ni mtumba wa daraja la kwanza; ule unaobaki chini baada ya wote kuchagua ni fagia. Niligeuza soli. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande wa nje, cha kushoto kizima kabisa.

"Kwani mwenyewe alikuwa anachechemea?"

"Hapana, mzee. Huyo alikuwa na mbio mpaka mguu wa kushoto ulikuwa haugusi chini."

Kwa jibu kama hilo, mtu hulipa. Mavazi mengine hayakunisumbua: nilikuwa na tisheti ya kampeni za 2022. Mgombea wake alianguka, ila mimi bado namkimbilia, na njiani wapo wanaoniuliza ile barabara aliyowaahidi imefika wapi.

Tatizo ni kwamba sponji ya ndani ya soli hubonyea kwa kufuata uzito na mwendo wa anayekivaa kiatu. Raba yangu ilishazoea mtu mwingine. Ilinivuta kulia, na kulia kwangu ni mtaro. Sijafika mbali, gundi ikaachia na kiatu kikaanza kucheka. Katika Berlin Marathon ya 2015, soli za ndani za viatu vya Kipchoge zilichomoka zikawa zinapepea nje, naye akaendelea hivyo hivyo na kushinda kwa saa 2 na dakika 4. Mimi nilimalizia kwa fundi wa viatu, nimesimamia kipande cha katoni kwa mguu mmoja, naye akipitisha uzi wa nailoni huku akiniuliza kama kweli nilitoa pesa kwa kitu hiki.

Jirani yangu alinishauri niachane na viatu. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, akarudi Tokyo 1964 na viatu, akashinda tena. Nakubali. Lakini nadhani barabara za Roma hazikuwa na vizibo vya soda, misumari ya mabati na mifupa iliyobaki kwenye supu ya jana.

Fundi alipomaliza, nilikutana na somo ambalo halimo kwenye kiatu chochote. Ilikuwa jioni, saa ya biashara ya barabarani. Mama mmoja wa nyanya aliniona nakuja mbio, akakamata pembe nne za gunia lake, akalitupa begani. Muuza soksi akamwona mama. Muuza mahindi akamwona muuza soksi. Punde nilikuwa naongoza msafara mzima.

"Kanjo wako upande gani?" akaniuliza kijana wa soksi, akidhani nawakimbia askari wa jiji, huku akinipita kwa urahisi na bidhaa zake zote mkononi.

Pumzi ya kujibu sikuwa nayo, nikapunga mkono tu. Wakakata kona.

Nikijaribu Gitanga Road kuelekea Lavington, hadithi hubadilika. Huko wanaokimbia wana saa za kuhesabu mapigo ya moyo na mbwa walionyolewa vizuri, na hakuna anayewauliza kitu. Mimi soja wa geti hunifuata kwa macho mpaka niishe. Mazoezi ni yale yale, lakini kwetu anayekimbia ni mwizi au ameibiwa, na kwao ni mtu anayetunza afya.

Kwa hivyo, ndugu msomaji unayetaka kuanza, nunua raba jioni, maana miguu huvimba kidogo kutwa. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Linganisha visigino vyote viwili, na ukikikunja kiatu, kikunjike penye vidole, si katikati. Rangi na jina havikimbii. Kisha funga kamba mara mbili na utoke asubuhi, kabla gunia la nyanya halijatandikwa. Wakikuuliza nani anakukimbiza, waambie ukweli: ni presha.