Heko kwa Watani wa Jadi

Taifa hili lina deni la shukrani kwa Simba na Yanga. Wenyewe hawawezi kusifiana, kwa hiyo kazi hiyo naichukua mimi, mzaliwa wa Tanga na shabiki wa Coastal Union, mtu ambaye siku ya mechi yao haulizwi chochote isipokuwa kusogeza kiti.

Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, na zote ni za Kariakoo. Kutoka Jangwani hadi Mtaa wa Msimbazi unakwenda kwa miguu na jasho halijakutoka. Majirani wa namna hiyo wangeweza kuazimana chumvi. Wao wamepeana majina: Utopolo, Makolo, Vyura, Mikia, na wazee wenye wajukuu huitana hivyo sokoni kweupe bila kukunja uso.

Fadhila ndogondogo nizitaje upesi. Utani huu unawalisha wauza jezi. Umefuta ukabila kwa kutuletea uhasama mmoja unaowatosha wote. Umekuza hata elimu ya milango, maana timu hizi zimewahi kutozwa faini kwa kuukwepa mlango rasmi wa uwanja, na sababu inajulikana na kamati ya ufundi peke yake, kamati isiyo na fundi hata mmoja. Yote mema. Ila fadhila ninayoomba iingizwe kwenye mitaala ya shule ni kumbukumbu.

Mchukue fundi wangu wa friji. Friji yangu iko kwake; tangu lini, hakumbuki. Alichukua pesa ya gesi. Kiasi gani, kimemtoka. Sasa mtajie 1977. Bisibisi inawekwa chini kwa adabu. Julai 19, Simba sita, Yanga bila. Kibadeni matatu, Masimenti mawili, na moja Selemani Sanga kajifunga mwenyewe. Siku hiyo fundi hakuwa hata amezaliwa, lakini anakuonyesha kwa bisibisi mpira ulipopita. Fundi redio wa kibanda cha pili, Yanga wa damu, hawezi kuvumilia: na 1968, tano bila, mbona huisemi? Na Novemba 5, 2023, tano kwa moja? Tangu siku ile huyu bwana hasalimii mtu bila kutanua vidole vyote vitano. Wa friji anajibu kwa Mei 2012, tano bila, kisha Oktoba 2013, Simba wako nyuma tatu hadi mapumziko na wanazirudisha zote. Mchana unakwisha. Friji yangu inasikiliza.

Kumbukumbu hiyo ina tundu moja tu. Niliwaambia kwamba mwaka 1988 bingwa wa nchi hii alikuwa Coastal Union, wakanitazama kwa huruma. Siwalaumu. Mtibwa Sugar walichukua ubingwa 1999 na 2000, na kuanzia hapo hadi 2025 ni Azam tu, msimu wa 2013/14, waliowaponyoka hawa wawili.

Machi 8, 2025 ndipo fadhila ilipopevuka. Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia mechi, wakakataa kucheza, na mechi ikaahirishwa siku ileile. Ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda mbili bila na kubeba ubingwa. Katikati hapo nchi nzima iligeuka wanasheria. Fundi ambaye hajawahi kunipa risiti alinisomea kanuni za ligi kwenye simu yake, kifungu hadi kifungu kidogo. Nani kaamua? Kwa barua ipi? Imesainiwa na nani, saa ngapi? Maswali safi kabisa. Nikasema moyoni, sasa hata mtaro wetu utapona.

Mtaro wetu tuliuchangia kila nyumba. Yalikuja mawe lori moja, yakamwagwa mbele ya ofisi ya mtaa, yakaota majani. Kwenye kikao nikasimama na maswali yaleyale ya mechi: nani kaamua, kwa barua ipi, kasaini nani? Kimya. Mwenyekiti akatabasamu. "Mzee, jana mmefungwa nini?" Watu wakaangua kicheko. Nikasema mimi ni Coastal; kikaongezeka. Halafu mmoja akataja penalti ya jana, na kikao kizima kikahamia huko.

Jamani, pesa zetu! Watoto wanavuka maji ya choo kwenda shule, na mtu mzima mwenye sharubu ananiuliza kama beki alishika mpira au mpira ndio ulimshika!

Mniwie radhi, nilikuwa kwenye sifa.

Wakubwa waliijua dawa hii zamani. Kiongozi akitaka kufika mahali asiulizwe kitu, anaanza hotuba kwa kutaja timu yake. Nusu wanashangilia, nusu wanazomea, wote wanaburudika, naye anaketi bila kusema la barabara wala la maji.

Wetu walikuwa mahiri zaidi. Mwenyekiti ni Yanga, mweka hazina ni Simba, na sijawahi kuwasikia wakikubaliana juu ya refa yeyote. Walikubaliana papo hapo kwamba taarifa ya fedha isomwe Jumamosi ya mechi yao, saa kumi na moja jioni. Nilikwenda. Tulikuwa wao wawili, mimi, na bibi mmoja aliyefuata viti vyake alivyoazimisha. Taarifa ilisomwa mbio, ikapokelewa. Niliponyoosha mkono, mweka hazina akaniambia maswali yaletwe kwa maandishi, maana wanawahi kipindi cha pili, na wote wawili wakapanda bodaboda moja.