Yawadi kwa Wateja

Shangazi alisomea uhazili enzi za taipureta, na hadi leo anachapa huku anapiga soga, macho yakiwa kwa mteja. Ndiyo maana kompyuta yake ya mtumba iliyotoka Ujerumani ilimtia aibu. Kwenye kibodi za huko, Z na Y zimebadilishana nafasi, na tangazo la duka likatoka hivi: "Yawadi kwa wateja wa mazai."

Binamu, anayesomea programu, akajitolea kutibu. Akazama ndani ya XKB, ile sehemu ya mfumo wa X inayosimamia kibodi kwenye Linux, na humo akapendana na jiometria. Kompyuta, alinieleza, haioni kibodi yako. Lazima usimulie umbo lake. Unaita XkbAllocGeometry kutenga kumbukumbu, XkbAddGeomShape kwa umbo la kitufe, XkbAddGeomSection kwa kundi, XkbAddGeomRow kwa safu, na XkbAddGeomKey kwa kitufe chenyewe. Jina la kitufe halizidi herufi nne, kwa hiyo kile kirefu cha nafasi huitwa SPCE, mithili ya namba ya basi. Enter ya Kijerumani ndiyo kisirani: ina pembe sita, na kila pembe inadai x na y yake.

Kupima, tuliazima futi ya fundi cherehani wa jirani. Sasa, ukiandika vipimo kwenye faili la XKB, ni milimita. Ukiita funksheni, ni sehemu za kumi za milimita. (Aliyeamua hivyo sijui alikosana na nani.) Binamu akavipa vitufe vya kawaida 180, sawasawa kabisa, kisha SPCE akakipa 113. Kikatoka chembamba kuliko A. Nyuzi nazo zinahesabiwa kwa sehemu za kumi: alitaka kundi la namba lisimame wima ili karatasi itoshe, akaandika 90, likainama nyuzi 9 tu.

Jioni xkbprint ikatoa mchoro safi, Y mahali pa Y, Z mahali pa Z. Shangazi akaketi, akachapa. Yawadi.

Binamu akaeleza kwa sauti ya chini kwamba jiometria ni ya kuchora tu. Herufi huamuliwa kwingine, na amri ya setxkbmap us ingetosha tangu asubuhi.

"Kwa hiyo, mwanangu," akasema Shangazi, "kutwa nzima umeupiga picha ugonjwa. Na wino huo wa printa nani analipa?"