Shangazi wa Vitabu: Miujiza Imenichosha, Nifanyeje?

*Nilivutiwa na jalada nikachukua riwaya ya Maggie Stiefvater, All the Crooked Saints, ya mwaka 2017. Ukoo mzima unafanya miujiza, nami napiga miayo tu. Nimefika katikati. Nivumilie au tuachane? – Niliyechoka, Morogoro.*

Mwanangu, usijilaumu, huna upungufu wa imani. Ukoo wa Soria, kijijini kwao Bicho Raro huko Colorado mwaka 1962, una kipaji kweli: mgeni akifika, mtakatifu wa ukoo anamtoa giza la moyoni likaonekana kwa macho. Padri anayebabaishwa na sketi za wanawake anapata kichwa cha koyote, yule mbweha wa Marekani. Mwalimu asiye na kauli yake anabaki kurudia maneno ya wenzake. Marisita ananyeshewa mvua isiyokatika, na vipepeo wa kwenye gauni lake wamelowa hata hawawezi kuruka. Kwa huyo mwandishi kapatia, tumpe haki yake. Ila watazame wote kwa pamoja: kila muujiza ni kitendawili kilichochapishwa na jibu lake. Ukishajua padri ana tamaa, kile kichwa hakina kazi nyingine kurasa zote zilizobaki. Wewe umeshategua, yeye bado anahangaika; miayo inaanzia hapo.

Chukua sasa ukoo wa Buendía, katika riwaya ya Gabriel García Márquez ya mwaka 1967. Remedios mrembo anapaa mbinguni shuka zikiwa zinakunjwa, na shuka zinaondoka naye. Huambiwi kapaa kwa sababu gani. Unachoambiwa ni kwamba Fernanda, mwenye shuka, alikaa muda mrefu akimwomba Mungu amrudishie mali yake. Padri Nicanor anakunywa chokoleti ya moto, anainuka juu ya ardhi, na michango ya kujenga kanisa inaingia. Mzee José Arcadio Buendía, kafungwa chini ya mti wake, anatazama na wala hashawishiki. Miujiza hiyo ina wivu, ina mapato, ina wabishi. Halafu wafanyakazi wa mashamba ya ndizi wanapigwa risasi na maiti zao kupakiwa kwenye treni, tukio lililochotwa kwenye mauaji ya kweli ya Ciénaga mwaka 1928, na hilo ndilo mji unalokataa kuliamini. Shuka kupaa, sawa. Maiti kwenye treni, uzushi! Ajabu ikikaa karibu na ukweli namna hiyo, hata ukweli unaanza kutiliwa shaka.

Utaniambia kitabu chako kimeandikiwa vijana. Sawa, lakini kijana ndiye wa mwisho kupenda kufafanuliwa. Utaniambia pia kwamba mafumbo yenye funzo ni jadi yetu, na Said Ahmed Mohamed alimfufua babu katika *Babu Alipofufuka* mwaka 2001 ili amsute mjukuu wake, K. Kweli, ila babu yule hakuja kutibu moyo wa K peke yake; alimkokota akaone hali ya watu wengine, na aibu ikawa ya nchi. Wageni wa Bicho Raro kila mmoja ana ugonjwa wake na dawa yake. Hoja yako yenye nguvu ingekuwa mwiko wa ukoo: Soria hawaruhusiwi kumsaidia mgeni, na Daniel, aliyeuvunja kwa ajili ya Marisita, anaishia jangwani peke yake. Hapo muujiza umedai gharama, nami nilikaa sawa kitini. Bahati mbaya binamu zake wana redio ya kificho, na mwiko unapata pa kuzungukiwa. Basi msindikize Daniel hadi jangwani, kisha mko huru kuachana.

*Na wewe wa Tanga* unayeuliza kama ni salama kulala chumba kimoja na kitabu chenye bundi wengi hivyo: bundi wa Bicho Raro hawaleti msiba, wanafuata harufu ya muujiza. Kwako hawatakaa.