Namna ya Kuthibitisha kwamba Kihausa na Kiindonesia ni Ndugu wa Tumbo Moja

Huhitaji mengi: kamusi mbili, daftari, na mchana mmoja usio na mtu wa isimu karibu. Watu hao wamekwisha kuamua kwamba Kihausa ni cha ukoo mmoja na Kiarabu na Kiamhari, na kwamba Kiindonesia, ambacho ni Kimalei kilichovishwa sare ya taifa, ni cha ukoo wa Kimalagasi na Kimaori. Wameshafunga jalada. Kazi yako ni kulifungua kwa kishindo.

Anza na maneno ya Kiarabu, ila usiseme kwamba ni ya Kiarabu. Mhausa ana duniya, Mwindonesia ana dunia. Huku sabulu, kule sabun. Huku hankali, kule akal. Huku labari, kule kabar. Daftari litajaa kabla chai haijapoa, na Mswahili hapa ana upendeleo wa pekee, kwani dunia, sabuni, akili na habari anazo mdomoni tangu utotoni. Akitokea mjuaji wa kukukumbusha kwamba Uislamu na biashara viliingia Kano kwa misafara ya ngamia kupitia Sahara, vikaingia Sumatra kwa vyombo vya Bahari ya Hindi, na kila upande ukapokea shehena yake ya maneno, mwambie historia ina kipindi chake. Ongeza siku za wiki: Alhamis na Kamis, Jumma'a na Jumat. Jumapili iruke. Mhausa huiita Lahadi, Mwindonesia Minggu, neno aliloachiwa na Wareno, na ukianza kuwakaribisha Wareno hutamaliza leo.

Sasa futa ndoana. Kihausa huandikwa kwa herufi zenye vikia kama ndoana, ɓ, ɗ na ƙ, kuonyesha kwamba hizo si b, d na k za kawaida. Ukizinyoa vikia, ƙuda inageuka kuda, na kuda imo pia katika Kiindonesia. Kwamba Mhausa anamaanisha nzi na Mwindonesia anamaanisha farasi kusikutie wasiwasi: alipo mmoja, mwenzake hayuko mbali. Toni nazo zipite kimyakimya. Sauti ya Mhausa ikipanda au ikishuka, neno huweza kubadilika maana. Mwindonesia hana shughuli hiyo. Daftari, bahati nzuri, halitoi sauti.

Ukishazoea, utaona hakuna mfanano usioelezeka. Mata kwa Mhausa ni mke, kwa Mwindonesia ni jicho. Andika pembeni "mboni ya jicho" na uendelee. Kaka kwa Mhausa ni babu au bibi, na kakak kwa Mwindonesia ni ndugu mkubwa. Sisi tunakaribiana na Mwindonesia. Mhausa ametuzidi umri tu.

Chumba cha hazina ni jikoni. Gado kwa Kihausa ni kitanda. Kiindonesia hufanya wingi kwa kurudia neno, buku-buku ni vitabu, kwa hiyo gado-gado ingepaswa kuwa vitanda. Ni mboga zilizochemshwa na kumwagiwa mchuzi wa karanga. Upande wa pili, kuli kwa Kiindonesia ni kibarua, hivyo kuli-kuli ni vibarua, lakini Mhausa anayetafuna ƙuli-ƙuli yake (umeshaifuta ndoana, bila shaka) anatafuna mabaki ya karanga zilizokamuliwa mafuta, yakafinyangwa na kukaangwa. Kisha ziweke suya ya Kano na sate ya Java meza moja: nyama kwenye vijiti, karanga pande zote mbili. Usimruhusu mtu kuuliza karanga zenyewe zilitoka wapi. Zilitoka Amerika Kusini, na ushahidi wako utakuwa umewapatia ndugu zako mama wa Kibrazili.

Turufu yako itunze mpaka mwisho. Mhausa husema mutu, Mwindonesia husema mati, na wote wanazungumzia kufa. Hapa hakuna aliyemwazima mwenzake, wala Mwarabu hakumwazima Mwindonesia: neno la Kihausa lina nasaba ileile na la Kiarabu lililotupa sisi maiti, na la Kiindonesia limetoka ukoo wake mwenyewe, ndiyo maana Mmalagasi naye husema maty. Limetokea hivyo tu, kama sadfa zinavyotokea. Mtu wa isimu atakuonyesha kwamba Mmalagasi hakuishia hapo: langit, mbingu, kwake ni lanitra, anak, mtoto, ni zanaka, lima, tano, ni dimy, na sauti hubadilika kwa mpangilio uleule neno baada ya neno. Atakuomba nawe ulete mpangilio wako. Kohoa, kisha uombe maji.

Akikubana zaidi, mpeleke kwenye herufi c. Mhausa na Mwindonesia wote huisoma kama ch yetu. Usitaje kwamba Waindonesia waliandika tj mpaka mageuzi ya tahajia ya mwaka 1972. Hesabu usiziguse kabisa: ɗaya, biyu, uku kwa satu, dua, tiga. Jinsia pia iache, kwa sababu gari kwa Mhausa ni la kike na nyumba ni ya kiume, ilhali Mwindonesia ana dia moja kwa mwanamume na mwanamke, kama yeye yetu. Na wingi wa Kihausa, gidaje, motoci, littattafai, kila neno na mkia wake, sisi wenye ngeli tutauelewa, ila hautakusaidia.

Mambo yakiharibika kabisa, mchukue mpinzani wako mpaka kwa mai shayi, muuza chai wa kando ya barabara pale Kano, umwagizie Indomie na yai. Ni tambi za chapa ya Kiindonesia, zinatengenezwa Nigeria kwenyewe tangu miaka ya 1990, na muuzaji Mhausa hulitamka jina hilo kutwa nzima bila mkalimani. Mpinzani akiuliza kama muuzaji anajua neno jingine lolote la Kiindonesia, mwagizie sahani ya pili.