YAH: Ombi la Kupatiwa Picha Zetu Nne

Mkubwa wa Tochi,
Nyuma ya Mwembe,
Barabara ya Kwenda Tanga.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima wa afya, kivulini, betri imejaa. Sisi tumefika Pangani salama, pungufu ya shilingi 120,000 tu. Nakuandikia nikiwa kibarazani kwenye nyumba ya wageni. Pantoni inavuka kwenda Bweni na baiskeli kadhaa na mbuzi wawili, na baba watoto yuko ndani amelala usingizi wa hasira, ule wa kuwapa watu mgongo.

Kwanza nishukuru. Katika miaka 22 ya ndoa hatukuwahi kusafiri pamoja bila msiba, harusi au mahafali. Mwaka huu kitinda mimba kaenda shule ya bweni, nyumba ikawa kimya, tukatazamana. Si tunahimizwa kila siku redioni tutalii ndani ya nchi yetu? Haya. Alhamisi alfajiri tukatoka Morogoro na ki-IST chetu: chupa ya chai, maandazi, mto wa kiuno chake, mtungi wa kuzimia moto usiomaliza mwezi, traiengo mbili, stika ya mwaka huu imebandikwa bila kupinda. Nawajua. Nililikagua gari lile kama mama mkwe anavyokagua jiko la mkwewe.

Picha ya kwanza mlitupiga chai ikiwa bado ya moto.

Aliyetusimamisha ni kijana wa umri wa mwanetu wa kwanza, kofia imenyooka, adabu tele. Akainama dirishani: "Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Tukaitikia marahaba. Hapo ndipo mnapotumaliza, Mkubwa. Mtu akishaitikia marahaba ameshakuwa mzazi, na mzazi atabishanaje na mtoto barabarani? "Kuna picha yenu hapa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetuletea salamu kutoka nyumbani. Akatoa simu, kioo kimepasuka pembeni, WhatsApp iko wazi. Gari letu. Namba yetu. Hamsini na saba.

Kibao cha 50 kipo, sikatai, nilishuka nikakitafuta. Kimejificha ndani ya matawi ya mkorosho, kinachungulia kama bibi harusi. Kijiji chenyewe ni nyumba tatu, kibanda cha vocha na mbuzi mmoja aliyejilalia (sitakitaja jina, hakina kosa). Kibao cha kutuambia kwamba hamsini imeisha hatukukiona, na nilikuwa nakitafuta kwa macho yote mawili. Kwa hesabu zenu kijiji kile huenda kinaendelea mpaka Segera.

Tukapewa kontroli namba, tukalipa kwa simu palepale, elfu thelathini. Baba watoto akasema si neno, ndiyo safari.

Ya pili ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Tulikuwa tumeshavuka Wami kwenye daraja jipya. Baba watoto akawa ananisimulia lile la zamani, lile jembamba, mabasi yakisubiriana kama watu kwenye mlango wa choo cha stendi, na utingo mmoja enzi hizo aliyeshuka kujinyoosha wakati wanangoja zamu, akasinzia kwenye majani, basi likavuka bila yeye, akalikimbiza hadi ng'ambo na ndala moja, anapiga kelele "Twende! Twende!" kwa mazoea, huku basi likizidi kwenda. Nilicheka, Mkubwa. Nilicheka mpaka andazi likaniponyoka. Haikupita muda, mkono huo barabarani. "Shikamoo mzee. Kuna picha yenu hapa."

Safari hii nikaomba simu. Nikaikuza kwa vidole viwili. Kioo cha mbele, vumbi kidogo, na nyuma ya kioo watu wawili. Mmoja kashika usukani lakini shingo imegeuka, anamtazama mwenzake badala ya barabara (hilo nalo kosa, kijana wako hakuliona, nami sikumwonyesha). Wa pili kafumba macho, mdomo wazi, meno yote nje pamoja na pengo. Ndiye mimi. Sijawahi kujiona nikicheka vile. Nyumbani tuna picha nyingi, ila ni za mmoja mmoja: akiwepo yeye, mimi ndiye nimeshika simu, nikiwepo mimi, yeye kaacha kidole chake. Za wote wawili ni za kwenye harusi za watu, tumesimama wima kama tunasubiri kusomewa hukumu.

"Nitumie hii, mwanangu," nikamwambia.

"Haiwezekani mama. Hicho ni kielelezo."

Ndiyo maana nimeona nije kwako mwenyewe. Naomba picha zetu nne. Tumezinunua, risiti ninazo. Nazitaka ukubwa wa postikadi, karatasi ya kung'aa, na zile tarakimu za mwendo zisikatwe, kwa kuwa wajukuu watataka kujua babu yao alikuwa mkali kiasi gani. Albamu ikipatikana iwe ile ya jalada gumu lenye waridi, na chini ya kila picha kuwe na mstari wa maelezo kwa mwandiko wa afande aliyehusika. Mwandiko wao ni mzuri sana. Niliuona.

Kwa kuwa huduma hii mmeshaianzisha, na wateja mnao kuliko studio yoyote nchini, niruhusu nishauri maboresho kidogo. Mwanga, kwa mfano. Mnatupiga saa sita mchana, jua la utosi, nyuso zinatoka nyeusi kama sufuria. Jaribuni saa kumi na moja jioni. Pili, ishara. Mpiga picha yeyote humwambia mtu ajiandae. Ninyi pulizeni filimbi, ya kwanza tujipange, ya pili tutabasamu. Halafu lile pazia. Unalikumbuka pazia la studio za zamani, lililochorwa ndege na ngazi zake, na pembeni chombo cha maua ya plastiki? Litundikeni hapo kichakani. Afande atakaa nyuma yake kwenye kistuli, atafichika vizuri kuliko anavyofichwa na mkorosho, na hatanyong'onyea miguu kwa kuchuchumaa. Kisha awe anaelekeza, kama yule fundi aliyetupiga siku ya harusi: mama sogea kwa mzee kidogo, mzee mwekee mama mkono begani. Hapo utakuwa umenitendea jambo kubwa. Baba watoto hajaniwekea mkono begani mbele za watu tangu mwaka tuliooana, lakini akiamriwa na mtu mwenye sare atauweka, tena haraka, akihofia kuandikiwa kosa la pili.

Na mandhari. Mtu ametoka Morogoro kufuata bahari, mnampiga picha na tangi la maji la kijiji! Mwekeni mmoja Tongoni, kusini kidogo ya Tanga, yale magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yatoke kwa nyuma. Historia ipo ya kutosha. Vasco da Gama aliichoma meli yake moja kwenye mafungu ya upande huo mwaka 1499, ilikuwa imemshinda, na hata yeye hakuna aliyemtokea kichakani.

Ya tatu ilitoka kwenye mkonge. Najua mmea huo mnaupenda. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893 kutoka Florida, akidhani unafaa kwa kamba, hakuona mbali. Afande aliinuka kati ya mistari kama aliyepandwa humo, suruali imeshikwa na mwiba, akajichomoa taratibu kwa heshima zote. "Shikamoo mama." Hamsini na tano.

Tuseme kweli sasa, Mkubwa.

Kwenye barabara hiihii mdogo wangu alikufa. Saa nane usiku, kwenye kona, lori lilikuwa linalipita lori lenzake juu ya mstari usiokatika. Lilikuwa linakwenda mwendo gani sijui, maana hakuna aliyelipiga picha. Saa nane usiku kila mwembe hauna mtu. Alhamisi nilipopita nilitazama kona ile: tochi hakuna, kibao hakuna, kuna msalaba wa chuma tu, na huo tuliuweka wenyewe. Ninyi mlikuwa mbele zaidi, kwenye mteremko ulionyooka kama rula, pale gari linapojiendea lenyewe hadi hamsini na kitu hata ukiondoa mguu. Mmelisoma lile teremko vizuri! Mnajua gari litafika wapi hamsini na tano. Basi msiniambie kwamba hamjui watu wanafia wapi. Mngetaka kutulinda mngesimama pale msalabani, mchana na usiku, mkionekana, na mimi ningesimama na kuwapa chai. Mnatuamkia kama wazazi wenu na mnatuvizia kama digidigi. Usiombe kuiona sura ya mwanaume wa miaka 53 anayeeleza kwa nini alikuwa hamsini na tano, amevua kofia, mbele ya mtoto.

Samahani. Nimepandisha sauti na wewe ni mtu mwenye wadhifa. Turudi kwenye albamu.

Ya nne ni ya baada ya Muheza. Tulikuwa tumenunua machungwa, ndoo nzima, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kumenya. Baba watoto alishaacha kusimulia. Anatazama mshale, anatazama kichaka, anatazama mshale. Mimi natazama kichaka cha upande wangu. Kuna mahali palikuwa peupe kabisa, akaendesha arobaini. Basi nyuma yetu likapiga honi mpaka likakauka, na konda alipotupita akatutolea tusi ambalo sitaliandika. Palepale baba watoto akaongeza mafuta kwa aibu. Hamsini na nne.

Hiyo niliiona pia. Tumekaa kama picha ya pasipoti. Wote wawili tunatazama mbele, moja kwa moja, ndani ya kamera yenu. Watu walewale, gari lilelile, masaa machache tu baada ya ile ya pili. Naomba zitumwe pamoja, ya pili na ya nne, kwenye ukurasa mmoja.

Maombi mengine ni madogo. Matuta yapakwe rangi, hata chokaa. Mkorosho ukatwe matawi, au basi kibao kishonewe koti la kijani tujue ni makusudi. Na kuwe na kadi ya mteja: ukipigwa tano, ya sita bure.

Tanga yenyewe tumeiona nusunusu. Mapango ya Amboni tuliingia, kuna giza na popo, na baba watoto alisema ni mara ya kwanza tangu asubuhi anajisikia hakuna anayemtazama. Akataka tukae humo. Pangani wametuonyesha boma na mji mkongwe, na jana mwenyeji wetu alituhadithia habari za Bushiri bin Salim aliyenyongwa hapahapa tarehe 15 Desemba 1889. Kumbe ugomvi wenyewe ulianza mwaka uliotangulia, kampuni ya Kijerumani ilipotweka bendera yake na kushika forodha, watu wakachoka. Baba watoto aliuliza maswali mengi sana. Mimi naandika historia tu, Mkubwa, sina maana nyingine.

Jioni tulikaa ufukweni. Bahari ilikuwa inatoa rangi ile ya shaba, jahazi moja linaingia mtoni, na samaki tuliyeagiza akachelewa, ikawa heri. Nikamwambia hadithi ile ya utingo hukuimaliza, alilipata basi au hakulipata? Akasema hakumbuki.

Kwa hiyo naomba na nafasi moja ya kurudia. Tunarudi Jumapili. Pale kwenye mkorosho tutapita kama saa nne kasoro, mwanga si mbaya sana. Nimeshaosha kioo cha mbele. Nitavaa kitenge cha njano. Tutakuja na arobaini na nane. Afande akiwa tayari apulize filimbi, nami nitamfinya baba watoto paja akanyage hadi hamsini na moja. Elfu thelathini nimeshaiweka kwenye simu. Namwomba kijana wako jambo moja tu, asibonyeze mpaka anione nimefumba macho.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa kiti cha kushoto, picha ya pili.

Nakala: Baba watoto, akiamka.