Kabla ya Mche Mwingine Kupandwa Kericho

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Kaunti ya Kericho.

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUTAFUTWA NA KUHIFADHIWA KWA NYARAKA ZA UPANDAJI MITI NA UPAMBAJI WA MJI WA KERICHO

Najua mlangoni pako wamesimama wengi wenye haja nzito kuliko yangu: wa barabara, wa hospitali, wa bonasi ya majani chai. Kwa hiyo nakushukuru mapema kwa kila dakika utakayoitoa kusoma barua hii. Nimeiandika hadharani kwa kuwa ninachokiomba ni mali ya wakazi wote wa Kericho, nao wana haki ya kusikia kimeombwa vipi.

Kwa idhini yako, Mheshimiwa, niseme haja yangu moja kwa moja. Mji wetu ulipandwa. Mikaratusi inayolisha tanuri za viwanda vya chai, migrevilea inayokinga mashamba na upepo, miti ya kivuli kandokando ya barabara, bustani ya miti ya Chagaik iliyoanzishwa na mkulima mmoja wa chai baada ya Vita Vikuu vya Pili: yote hiyo ilitiwa ardhini na mikono ya watu, kwa amri, kwa bajeti, na mara nyingi kwa kuandikwa mahali fulani. Ninaloliomba ni kwamba serikali yako tukufu iyatafute maandishi hayo, iyaweke pamoja, na iyafungue kwa umma kabla hatujapanda tena kwa maelfu.

Nasema kabla, nikijua jinsi kazi ya kupanda ilivyo na haraka. Desemba 2022 Serikali ya Kitaifa ilizindua mpango wa kukuza miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ili watu wapande miti. Naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wangu wote. Lakini naomba kuuliza, kwa adabu yote, ni nani anayeandika mche upi ulipandwa wapi, uliletwa kutoka kitalu kipi, na nani aliachiwa kuutilia maji wageni walipoondoka? Marehemu Profesa Wangari Maathai alipoanza kazi yake Juni 1977 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, miti ilikuwa saba tu. Tunaijua idadi hiyo, na tunajua kila mti ulipandwa kwa heshima ya mtu aliyetajwa kwa jina, kwa sababu yeye na wenzake waliandika. Miti saba yenye kumbukumbu imetufundisha mengi kuliko maelfu isiyokuwa nayo.

Mheshimiwa, utanisamehe nikikueleza kidogo jinsi kazi ya kutafuta ilivyo, maana hapo ndipo msaada wako unapohitajika. Anayetaka kujua Kericho ilivyopambwa zamani huanzia Nairobi, katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, lile jengo la Moi Avenue lililokuwa benki, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Huko mafaili ya Mkuu wa Wilaya yamewekwa chini ya alama ya DC/KER: ripoti za kila mwaka, na zile ripoti ambazo ofisa aliyehamishwa alimwachia aliyekuja kushika nafasi yake. Kijana anayefika mara ya kwanza huomba mafaili ya Bonde la Ufa, akayakosa mengi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba enzi za ukoloni Kericho ilikuwa chini ya mkoa wa Nyanza. Tena Wakipsigis wenyewe wameandikwa mara nyingi kwa jina la Lumbwa, ambalo kijana huyo huenda hajawahi kulisikia nyumbani kwao. Na anayetafuta habari za Bomet lazima azitafute ndani ya Kericho, maana Bomet haikuwa wilaya mpaka mwaka 1992. Kwa sababu hiyo naomba, kwa ruhusa yako, nakala ya barua hii imfikie pia Mheshimiwa Gavana wa Bomet. Miti hii haikujua mpaka wenu.

Fungu la pili la nyaraka liko hapa nyumbani. Mabaraza ya mji na manispaa yaliyotangulia serikali za kaunti yalikuwa na madiwani, kamati, makarani na kumbukumbu za mikutano. Humo ndimo mambo madogo ya mji huandikwa: gharama ya miche, mshahara wa mtunza bustani, malalamiko ya mwenye duka kuhusu tawi lililoangukia paa. Mabaraza hayo yalikoma mwaka 2013. Nakuomba, Mheshimiwa, uagize makabati na ghala za iliyokuwa manispaa zifunguliwe na mtu mwenye ujuzi wa nyaraka, kabla mchwa na unyevu wa Kericho havijamaliza kazi. Sote tunaijua mvua yetu, na karatasi haiwezi kuivumilia.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Sehemu kubwa ya miti ya nchi hii ya chai ilipandwa na makampuni, na makampuni yamebadilisha mikono. Kampuni ya chai ya Brooke Bond iliingia Unilever mwaka 1984. Mwaka 2022 Unilever ikaiuzia kampuni ya uwekezaji ya CVC biashara yake ya chai, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba hayo yangekwenda kwa Browns ya Sri Lanka, kampuni ileile iliyokubaliana na James Finlay mwaka 2023 kununua yake. Karatasi za James Finlay zimetunzwa vizuri katika Chuo Kikuu cha Glasgow, nami nawashukuru wanaozitunza. Lakini mtoto wa Ainamoi au wa Konoin atafikaje Glasgow? Shamba linapouzwa, huhesabiwa mashine, nyumba na magari. Ramani ya zamani inayoonyesha mikaratusi ilipandwa mwaka gani na kando ya kijito kipi inaweza kutupwa na mtu asiye na nia mbaya yoyote. Neno lako moja kwa wamiliki wapya lingeweza kuiokoa. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, alipoagiza mikaratusi ing'olewe kwenye kingo za mito na maeneo oevu, ramani ya namna hiyo ingekuwa na thamani kubwa mno kwa kila chifu.

Naomba sasa niguse jambo zito, na kama nitakosea namna ya kulisema, nakuomba radhi mapema. Mafaili yanayoeleza bustani yanaeleza pia watu walioondolewa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, mbali na kwao, na ardhi ya Wakipsigis ilikuwa imekwisha kugeuzwa mashamba ya chai. Nyasi zilizokatwa vizuri mbele ya nyumba za mameneja na malaini ya nyumba za wafanyakazi vilikuwa katika shamba moja, na ni upande mmoja tu uliopambwa. Vilevile, mitebesuet iliyoachwa kusimama penye mabwaita, yaani madhabahu ya boma, haikuingia katika ripoti ya ofisa yeyote kama upambaji, ingawa ilitunzwa kwa heshima kuliko ua lolote. Nyaraka zikikusanywa, zikusanywe zote pamoja. Wazee wanaokumbuka miti ya kwao ilisimama wapi nao wasikilizwe na kurekodiwa kwa Kikipsigis, leo, wakiwa bado hai. Nairobi humkumbuka Peter Greensmith kwa jakaranda na bogenvilia zake. Vibarua waliochimba mashimo huko na huku hawajapata hata mstari, na majina yao, kama yapo, yamo katika vitabu vya mishahara.

Sikuombi jambo lililo nje ya mamlaka yako. Jedwali la Nne la Katiba limeziweka maktaba, makumbusho na bustani katika aya moja ya kazi za kaunti, na naona busara kubwa katika mpangilio huo. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeweka siku 21 za kumjibu anayeziomba. Naitaja sheria hiyo kwa heshima tu, ili maofisa wako wajue kwamba ombi hili lina mahali pa kusimama.

Chumba kimoja kikavu, mtunza nyaraka mmoja aliyesomea kazi hiyo, mashine ya kunakilia, na barua yako kwa makampuni na kwa Hifadhi ya Nyaraka ya Nairobi vingetosha kwa kuanzia. Kama utapendezwa, daftari la kwanza katika chumba hicho liwe la miche itakayopandwa msimu ujao wa mvua: aina yake, mahali pake, na jina la atakayeitunza.

Nangoja jibu lako kwa subira na heshima kuu.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kericho.

Nakala: Mheshimiwa Gavana, Kaunti ya Bomet.