Sifa za Betri Iliyokataa Chaji

Wenye kusifu wamekwisha kumsifu simba kwa ushujaa wake, nyuki kwa bidii yake na ngamia kwa subira yake, wala hapana aliyeikumbuka betri ya drili, hasa ile iliyokwisha kuasi, ambayo hupachikwa kwenye chaja jioni ikiwa tupu na kutolewa asubuhi ikiwa tupu vilevile, na usiku kucha haikuwa na kazi nyingine ila kumkonyezea mwenyewe taa nyekundu. Katika karakana za maseremala wa Buzebazeba, mjini Kigoma, ambako mbao za mninga hugeuzwa vitanda, milango na makabati, betri ya namna hiyo hutukanwa, hupigwa makofi, hugongwa juu ya benchi, na mwisho hutupwa katika kopo la misumari iliyopinda. Mimi nimeazimia kusimama upande wake, kwa kuwa naamini kwamba katika karakana nzima, ukiitoa timazi, hakuna kisemacho kweli kuishinda.

Tuanze na nasaba, maana mwenye nasaba hastahili kugongwa juu ya benchi. Waliomtangulia katika kazi hii walikuwa betri za nikeli na kadimiamu, wazito wa mwili na wavumilivu wa tabia, ambao aibu yao kubwa ilikuwa kwamba wakizoeshwa kuchajiwa kabla ya kwisha, walisahau kiasi cha nguvu walichokuwa nacho. Yeye ni wa ukoo wa lithiamu, ulioingizwa sokoni na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991. Na wataalamu watatu walioulea ukoo huo, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na umri wa miaka 97, mkongwe kupita wote waliowahi kutunukiwa. Basi fundi anayeibwaga betri sakafuni na kuiita takataka, na atambue kwamba anawavunjia heshima wazee watatu kwa mpigo mmoja.

Nyumba yake nayo ina nidhamu. Ndani ya gamba la plastiki la betri ya volti 18 hukaa, kwa uchache, seli tano, aghalabu kila moja ikiwa na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, zimefungamana kichwa kwa mkia, kila moja ikichangia volti 3.6 au zaidi kidogo. Na juu yao umewekwa ubao mdogo wa saketi, ambao huwachunga kwa joto lao na nguvu zao. Ikitokea seli nne zina volti tatu na nusu kila moja, na ya tano imeporomoka hadi moja, ubao ulio mwaminifu hufunga mlango kwa wote. Wale wanne wenye afya hawaendi karamuni wakamwacha mwenzao kitandani. Ni familia ngapi mjini zenye umoja wa kadiri hiyo?

Fauka ya hayo, betri iliyokataa chaji ni mwalimu wa insafu. Desturi yetu ni kumhukumu aliye karibu na mkono, ilhali uchunguzi wa haki huanzia mbali: je, uniti za LUKU zimo, au fundi analaani betri hali umeme wenyewe umekwisha tangu magharibi? Je, soketi yawasha kitu kingine? Je, betri ya jirani ikipachikwa katika chaja hiyohiyo, inapokea? Maana ikikataa nayo, mkosaji ni chaja, na mshitakiwa wa kwanza aombwe radhi. Yote hayo yakiisha, huja zamu ya vile vibati vya shaba ambapo betri na chaja hukutana. Fundi mwenye busara huitoa chaja kwenye umeme, akazungushia kitambaa kikavu kwenye ncha ya kijiti, akasugua taratibu katika mifereji ile, na kitambaa kikatoka kimekuwa cheusi kwa vumbi la mninga lililoshikana na mafuta ya mikono; naye akipachika tena, si mara chache taa hubadilika, na betri iliyoitwa maiti huanza kunywa umeme.

Betri ana pia murua wa kujua mipaka ya mwili wake. Akitoka kukaza skrubu juu ya bati saa saba ya mchana, kisha akapachikwa kwenye chaja angali wa moto, hukataa katakata, kwani joto la seli likipita nyuzi 45 au 50, kwa kadiri ya aina, kuchajiwa ni madhara matupu. Kwa baridi ya sifuri hukataa vilevile, lakini udhuru huo Buzebazeba hauna kazi. Anachoomba ni wasaa wa kupoa kivulini, jambo ambalo fundi mwenyewe hulifanya kila adhuhuri pasipo mtu kumwita mbovu.

Lakini sifa yake kuu ni kule kukataa kwenyewe. Seli ya lithiamu ikishuka mno, shaba iliyomo ndani yake huweza kuyeyuka, na siku ya kuchajiwa ikajikusanya mahali isipostahili, ikaunganisha pande mbili zilizopaswa kutengana. Na mwisho wa muungano huo huweza kuwa moto. Fikiri sasa moto huo ukizuka katika chumba chenye takataka za randa hadi vifundoni na makopo ya vanishi ukutani! Hapana ya betri ndiyo iliyolinda benchi, paa na mwenye paa. Sisi binadamu tumezoea kusema ndiyo kwa tusiyoyaweza: seremala hupokea arbuni ya kitanda cha harusi hali mbao zake bado ni mti msituni, na siku ya harusi ikifika huzima simu.

Mahasidi watasema kwamba dawa ya ukaidi ipo: chukua nyaya mbili, unganisha betri iliyokufa na iliyo hai, ishtue kidogo, nayo chaja itadanganyika. Ni kweli chaja itadanganyika. Lakini aliyefanya hivyo hakuponya mgonjwa, amemghushia cheti. Wala sishangai kwamba tamaa ya kufufua ina nguvu katika mji wa MV Liemba, meli iliyozamishwa na Wajerumani ziwani mwaka 1916, ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924, na ikarudi kazini mwaka 1927. Aliyekulia mbele ya ajabu hiyo huona haya kutupa chochote. Ila na akumbuke kwamba walioizamisha walizipaka injini zake grisi kwanza. Sisi betri twaikamua hata tone la mwisho, twaitia kabatini masika nzima, ubao wake ukizidi kunyonya kidogo kidogo, kisha twataka iamke ikicheka. Grisi ya betri ni chaji ya nusu: iwekwe na nusu yake, mahali pakavu pasipo joto, nayo haitamwaibisha mwenyewe.

Hata hasara yake ina baraka. Siku ikigoma, keke ya mkono hutolewa chini ya benchi, na mwanagenzi hugundua kwamba tundu hutoboka kwa nguvu ya bega pia. Na ikithibitika kwa mita kwamba seli moja imekufa kweli, isitupwe motoni wala jalalani. Fundi wa redio ataifungua kwa uangalifu, atazipima zile nne zilizobaki, na zilizo nzima zitaendelea kutumika katika tochi na redio za watu, sadaka ambayo matajiri wengi hufa bila ya kuiacha.

Kwa hiyo naiombea betri iliyokataa chaji heshima inayoistahili, na kwa seremala naomba jambo moja tu: mwenye arbuni tatu mfukoni na mbao za kitanda kimoja, naye afunge mlango kabla mteja wa nne hajaingia.